Shangazi na Mabaki Halali

Kwanza tuelewane, tusije tukagombana mbele ya safari: shangazi yangu si kichaa. Najua wapo mtaani wanaosema nati zake zimelegea. Mmoja wao ni mteja wangu, namsuka kila mwisho wa mwezi, na tangu nilipomsikia akisema hivyo namvuta nywele kidogo zaidi ya inavyohitajika. Anatoka kwangu macho yamepanda juu kama aliyeona jini, na mpaka leo anadhani ndiyo mtindo.

Shangazi ana kanuni, basi. Mtu mwenye kanuni akikaa na watu wasio nazo, yeye ndiye huonekana mwehu.

Kazi aliyoifanya tangu usichana wake ni kukaa stendi kuu ya mabasi, kwenye chumba cha mizigo iliyosahaulika. Ni chumba kirefu chembamba nyuma ya vyoo, kina dirisha moja la nondo, na rafu zake zinagusa dari. Nilikuwa napitia hapo nikitoka shule, maana Mama alikuwa anarudi jioni na Shangazi ndiye aliyekuwa ananilisha. Humo ndani kulikuwa na miavuli ya kutosha kufunika mtaa mzima, tarumbeta, meno ya bandia ndani ya kikombe, magongo ya mgonjwa ambaye sijui alishukaje kwenye basi bila hayo magongo, na mlango. Mlango mzima wa mbao na kitasa chake. Siku moja nilimuuliza nani anapanda basi na mlango. Akasema hilo si la kushangaza, watu wanahama. La kushangaza ni kwamba huko alikofika hakuuhitaji.

Mtu akija kudai kitu chake, Shangazi hakumuuliza rangi wala ukubwa. Aliegemeza viwiko dirishani, akamtazama, akasema, "Ulisahau au uliacha?"

Watu walikuwa wanaona hilo ni swali la kupoteza muda. Kumbe ndiyo mtihani wenyewe. Alikuja bwana mmoja kudai saa ya ukutani, ile yenye ndege anayetoka na kulia. Akasema aliisahau Jumanne, kiti cha nyuma kabisa, upande wa dirisha, chini ya koti.

"Hapo hukusahau, baba," Shangazi akamwambia. "Hapo uliweka. Aliyesahau hajui alisahau wapi. Angejua, si angeenda kukichukua?"

Yule bwana akabisha, akapandisha sauti, akaomba kuonana na mkubwa wa stendi. Shangazi akaendelea kumtazama tu. Mwishowe jamaa akanywea, akasema kwa sauti ya chini kwamba ile saa alipewa na mama mkwe, inalia usiku kucha, alikuwa ameitupa kwa adabu, na sasa mama mkwe anakuja kutembea. Shangazi akampa saa yake, maana sheria ya stendi ni kwamba mwenye mali apewe. Lakini alimpa kwa mkono wa kushoto.

Kisha akaja mama mmoja, akasema, "Najua kuna kitu nimepoteza, ila sikumbuki ni nini." Huyo Shangazi alimfungulia mlango wa ndani, akampa kigoda, akamwacha azitazame rafu. Yule mama alikaa pale mpaka macho yake yakaangukia sufuria moja iliyobonyea ubavu, akaanza kulia. Shangazi akanigeukia mimi na daftari zangu za shule. "Huyo ndiye aliyesahau," akasema. "Mwangalie vizuri, hawako wengi."

Sasa chukua mtu wa namna hiyo, umkabidhi jiko la familia.

Nyumbani kwetu kuna chakula tunakiita marudio. Jina alilitoa bibi yangu, mama yao Baba na Shangazi, kwenye redio, kwa sababu kipindi kizuri kilikuwa kinarudiwa kesho yake. Ni nyama ya kuchoma iliyobaki jana, ikalala chini ya kawa, asubuhi ikachambuliwa kwa vidole kufuata nyuzi zake. Kisu ni marufuku. Vitunguu vingi vinakaangwa kwenye mafuta yaliyoganda kwenye sinia la nyama yenyewe mpaka viwe rangi ya kiatu kikuukuu, vinafuata viazi vya jana, nyanya, pilipili manga na kijiko cha siki. Kisha sufuria inafunikwa, juu ya kifuniko linawekwa jiwe, na hakuna kukoroga. Ukikoroga, Shangazi anakutoa jikoni kwa sikio, hata kama umeolewa. Kinachofanyika chini ya lile jiwe mimi sikijui. Najua tu kwamba nyama iliyoungua jana inatoka humo tamu kuliko ilivyokuwa yenyewe, na ukila unanyamaza.

Na hiki chakula ni Shangazi peke yake anayekijua. Bibi alimfundisha yeye, akamwachia na sharti moja: marudio hayapikwi kwa nyama iliyotengwa. Lazima yawe mabaki halali. Mabaki, kwa mujibu wa Bibi, ni kitu ambacho hakuna aliyekipanga. Watu wamekula, wameshiba, wameinuka, na nyama bado ipo. Ukitenga, hiyo si mabaki, ni akiba, na akiba ina sufuria zake.

Ni sharti jepesi, ungefikiri. Tatizo ni Baba.

Baba ni fundi mizani. Anazunguka kwenye mabucha anarekebisha mizani, na wenye mabucha wanampenda, kwa hiyo kila Jumapili anarudi na kipande kizuri, anakichoma uani mwenyewe, na anakila. Nikisema anakila simaanishi kama wewe unavyokula. Anamaliza chake, anamaliza chako ukigeuka kumfukuza nzi, anamaliza mafuta kwenye sinia kwa ganda la mkate, kisha anatazama mfupa kwa namna ambayo mfupa wenyewe unaona aibu. Ukimsema anakujibu, "Mla ni mla leo, mla jana kala nini?" Alikuwa kitinda mimba wa nyumba yenye watoto wengi, sinia lilikuwa linamfikia tupu, na nadhani tangu hapo hajaamini kwamba kesho chakula kitakuwepo. Dada yake anamwita Fagio. Mbele za watu, kanisani, buchani, popote: "Fagio, njoo hapa." Naye anaitika.

Na msidhani huzuni inamzuia. Siku ya kumzika Bibi watu walilia mpaka wakashindwa kugusa chakula. Baba alilia kuliko wote, lakini alilia na mfupa mkononi, na sinia la wachimba kaburi alilimaliza yeye. Akiwa na furaha anakula, akiwa na hasira anakula zaidi, akiwa na homa anakula ameegemea ukuta.

Kwa hiyo marudio tulikuwa tunayapata kwa ajali tu. Mara ya mwisho ilikuwa siku ya nyuki. Tulikuwa tumekaa uani, nyama ndiyo kwanza imekatwa, mara likashuka wingu la nyuki juu ya meza, kila mtu na mlango wake. Baba alikimbia na vipande viwili, lakini sinia lilibaki. Nyuki walipoondoka jioni, Shangazi alitoka na shuka kichwani, akalikagua lile sinia kama anakagua mzigo, akatangaza, "Halali." Mimi nilikuwa sijaolewa bado. Kesho yake tulikula tukiwa na nyuso zimevimba, na hakuna aliyelalamika.

Basi tufike kwenye habari yenyewe. Shangazi alistaafu. Wenzake pale stendi wakamchangia zawadi, na watu wale, Mungu awasamehe, wakamnunulia sanduku. Sanduku jipya, jekundu, la magurudumu. Aliliburuta mpaka nyumbani, akalisimamisha sebuleni, na Mama akasema, "Sanduku zuri hilo, wifi." Baba akasema, "Hilo unakwenda nalo popote." Walikuwa wanasifia sanduku tu. Lakini Shangazi ameishi maisha yake yote akisoma mizigo, akalisoma na hilo, akaona wanamwambia aende.

Wiki hiyohiyo rafiki yake wa ujanani, mwenye duka la nyuzi na vifungo kwenye mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi, akampigia simu kwamba anazeeka peke yake, aje wakae wote. Shangazi akasema atafikiria. Kisha akatutangazia mezani kwamba anahama, akatutazama mmoja mmoja. Baba akasema, "Sawa, dada." Mama akasema, "Utapumzika, wifi, umetuhangaikia vya kutosha." Mume wangu, maana tunaishi naye hapohapo kwetu, akasema atampakia feni. Na mimi, domo lote hili mnaloliona, nikakosa la kusema.

Kesho yake alikuja chumba cha mbele ninakosukia, akakaa chini, akaniegemezea mgongo magotini. "Nisuke vizuri, natoka," akasema. Nilimsuka huku machozi yananishuka, naye alijua, maana moja lilimdondokea utosini.

"Nikiambiwa nikae, nakaa," akasema. "Neno moja tu. Sihitaji kikao."

"Basi ngoja niwaambie."

Aligeuka ghafla mpaka msuko ukaniponyoka. "Uthubutu. Neno la kuombewa ni sawa na nyama ya kutengwa. Wataniambia kaa, nami nitajua umewapanga. Wewe mwanangu umelia, hilo nimelipokea. Lakini nyumba ni ya Fagio, na Fagio amesema sawa dada."

"Si umwambie mwenyewe kwamba hutaki kwenda?"

"Mimi nimekaa upande wa ndani wa dirisha maisha yangu yote," akasema. "Kwenda nje kudai sijui kunafanywaje."

Jamani, uone watu wazima walivyo hovyo. Nikaenda kumchokonoa Baba kwa mbali, akaniambia dada yake amechoka na kumpikia mlafi, ana haki ya kwenda kupumzika, yeye ni nani amzuie. Nikaenda kwa Mama, akasema akimwambia wifi abaki, wifi ataona anatakiwa awe mpishi wa bure. Kila mmoja alikuwa na adabu yake, na kwa adabu hizo tulikuwa tunamfukuza mtu. Na mimi nimefungwa mdomo.

Hapo ndipo nilipopata akili, au nilidhani ni akili. Shangazi hajawahi hata siku moja kuacha mabaki halali yaharibike. Yakipatikana Jumapili ya kuagana, lazima yalale, lazima yapikwe Jumatatu, na basi lake la Jumatatu asubuhi litaondoka bila yeye. Siku moja ya ziada. Ndani ya siku moja huenda mtu akafunguka mdomo. Nikawaambia nyumbani kwamba nina hamu ya marudio kabla Shangazi hajaondoka, nifundishwe, na hilo lilikuwa kweli pia. Wote wakakubali kusaidia. Tulikuwa na Jumapili tatu za kujaribu njia ya kumshinda Baba, na ya nne ndiyo ya kuagana.

Ya kwanza aliiharibu mume wangu. Mume wangu ni fundi majokofu. Ni mtu mzuri, lakini kazi yake yote duniani ni kuhifadhi, na hajawahi kuelewa kwa nini familia nzima inahangaika na jambo ambalo jokofu lingelimaliza. Kabla hatujakaa mezani alichukua kipande, akakificha. Jumatatu asubuhi akakitoa mbele ya Shangazi, anatabasamu.

"Angalia, Shangazi. Hiki tulikisahau."

Shangazi akaegemeza viwiko juu ya meza. Nikajua mume wangu amekwisha.

"Mlikisahau wapi, mkwe?"

"Ndani ya jokofu. Rafu ya chini, nyuma ya chupa ya maji, kwenye bakuli la bluu."

"Nani alifunika hilo bakuli?"

Mume wangu akanitazama. Nikatazama dari.

"Akiba haiozi, Shangazi," akajaribu.

"Ndiyo maana haifai," Shangazi akasema. "Marudio yanataka kitu ambacho kingeoza." Kile kipande akampa Baba, kikamaliza safari yake kabla hajakaa vizuri kwenye kiti.

Jumapili ya pili nilisema tumzidi nguvu. Kama mtu anamaliza sinia, mpe mawili. Baba akapewa na mwenye bucha mmoja mbuzi mzima, mzee, ambaye hata meno hakuwa nayo. Tukamchoma. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba moshi una miguu. Jirani wa kulia alikuja kuazima kamba. Jirani wa kushoto akaja kuuliza kama tumeona jirani wa kulia. Mteja wangu yule wa nati akaja kusukwa Jumapili, siku ambayo hajawahi kuja, akaleta na mama yake. Mchungaji alipita kwa bahati mbaya. Huwezi kumfukuza mgeni mlangoni, na Baba alikula kana kwamba ni mashindano, kwa sababu kwake yalikuwa mashindano. Kilichobaki kwa yule mbuzi ni pembe, na moja ilikuwa imejaribiwa.

Ya tatu, kabla ya ile ya mwisho kabisa ya kuagana, Mama ndiye aliyejitolea. Akasema dawa ni habari mbaya. Baba alipotia tonge la kwanza, Mama akamwambia kwa sauti ya msiba kwamba bucha kubwa la sokoni limenunua mizani ya umeme, haina springi, haina mawe, haihitaji fundi. Ilikuwa kweli, masikini, Mama alikuwa amemficha habari hiyo wiki nzima. Baba alitafuna polepole. Macho yakamjaa maji. Akasema, "Na wale wengine watafuata." Kisha akavuta sinia zima karibu yake kama mtu anayevuta blanketi, akala, akala, huku anatuhesabia mabucha yatakayomwacha. Alipofika bucha la mwisho sinia lilikuwa linang'aa. Shangazi aliinuka, akampapasa mdogo wake bega, akasema, "Pole, Fagio," akaenda zake chumbani kukunja nguo. Nilitamani kumfinya mtu.

Kwa hiyo tukafika Jumapili ya kuagana, na mimi nimeshakata tamaa. Sanduku jekundu lilikuwa limesimama nyuma ya mlango wa sebule, limejaa, limefungwa kamba juu ya zipu. Kwenye mshikio Shangazi alikuwa amefunga kikaratasi chenye jina lake na pale anapokwenda, kama alivyozoea kuwaambia abiria wafanye. Tiketi ilikuwa kwenye pochi. Basi ni alfajiri.

Baba alichoma nyama siku hiyo kuliko siku zote. Alianza asubuhi, hakutaka msaada, alikuwa anaigeuza kwa vidole vyake vya fundi, anaipaka chumvi kidogokidogo. Tukakaa uani adhuhuri, sisi watano tu. Hakuna jirani aliyekuja. Hata wao walijua siku hii si ya kuazima kamba.

Shangazi akakaa pale anapokaa. Baba akakata, akampa dada yake kipande cha kwanza, cha pili akajipa mwenyewe, akakitia mdomoni. Akatafuna.

Mimi nilikuwa namtazama kwa hasira, nasema kimoyomoyo haya, fagia, fagia, si ndiyo kazi yako. Akaendelea kutafuna. Akatafuna mpaka Mama akaacha kumimina maji na kumtazama. Kisha akameza kwa shida kama anameza kidonge, akashika kipande cha pili, akakirudisha sinia.

Sijui kama mnanielewa. Alikirudisha. Mume wangu, ambaye alikuwa ameshika chake, naye akakiweka chini polepole, kama mtu aliyeona nyoka.

"Ngumu?" Mama akauliza.

"Hapana," Baba akasema. "Laini."

Mama akajaribu kula, akaweka chini. Mimi nilijaribu, nikakirudisha changu. Nyama nzuri vile, inanukia, mafuta yanachuruzika, na watu watano wazima tumeikodolea macho. Tulikaa hivyo mpaka mafuta yakaanza kuganda pembeni mwa sinia. Nzi mmoja akaja, na hakuna aliyemfukuza.

Na naapa, hapakuwa na mpango. Mimi mwenyewe mwenye mipango nilikuwa nimesahau kabisa habari ya marudio. Mpaka nilipoona viwiko vya Shangazi vinapanda taratibu juu ya meza.

"Fagio," akasema. "Hiyo nyama, umeiacha au umeisahau?"

Baba alitazama sinia. Akatazama mikono yake. "Sijui, dada," akasema.

"Hujui?"

"Sijui. Nilitaka kula. Nina njaa hata sasa. Haipiti." Akajishika koo. "Nilikuwa nafikiria kesho, kwamba hakuna mtu ataniita Fagio. Watu wote wananiita fundi. Nikitia mdomoni inakuwa kama natafuna kitambaa. Usiende, dada. Najua nakula sana. Usiende."

 Shangazi alikaa amemkazia macho, yale macho ya dirishani, anatafuta uongo. Nilimwona akiutafuta kila mahali. Kisha kidevu kikaanza kumcheza.

"Umengoja mpaka nimefunga sanduku kwa kamba," akasema. "Fagio wewe. Mtu anafunga sanduku siku nzima, unamtazama, unamshikia na kamba."

"Nilidhani unataka kwenda."

"Na mimi nilidhani mnataka niende."

"Wifi, mimi niliogopa utasema nakutaka jikoni," Mama akasema, na yeye ameshaanza kulia, na leso hana, anatumia kitambaa cha meza.

"Sasa si unanitaka jikoni?"

"Nakutaka popote."

Shangazi akajifuta uso kwa mgongo wa mkono, akainuka, akalizunguka lile sinia mara moja, ameinama, kama alivyolizunguka lile la nyuki. Akagusa mafuta yaliyoganda. Akahesabu kwa macho nani ameacha nini. Mume wangu akaniuliza kwa kunong'ona kama aende kuleta jokofu, nikamkanyaga mguu.

"Halali," Shangazi akasema. "Leteni kawa. Na haya yanatakiwa yalale, kwa hiyo mimi kesho alfajiri siwezi kusafiri. Nani ataangalia moto?"

Jumatatu asubuhi alinisimamisha jikoni pembeni yake, akanipa upande mmoja wa nyama nichambue, akanipiga kofi la mkono mara mbili kwa kukatiza nyuzi. Alinionyesha vitunguu vinatolewa lini, siki inaingia lini. Nilimuuliza kwa nini hakuna kukoroga. Akasema Bibi hakumwambia, naye hakuuliza, maana si kila kitu kina sababu. Tulipoweka jiwe juu ya kifuniko, basi lilikuwa limeshafika mbali. Baba alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi tangu vitunguu vilipoanza kunukia, na hakwenda kazini.

Alikula marudio mpaka akalamba sufuria. Hakikubaki kitu. Shangazi alimtazama akifagia, akasema huyu mtu hana haya, na akampa ganda la mkate la kumalizia.

Rafiki wa duka la nyuzi alipigiwa simu, akakasirika, kisha akaja yeye mwenyewe kututembelea, lakini hiyo ni habari nyingine na yule mama ana mdomo. Ninachotaka kumalizia ni lile sanduku. Lilibaki nyuma ya mlango wa sebule, limefungwa kamba vilevile, na kikaratasi chake. Kila ukifungua mlango unaligonga. Shangazi alishona magauni mapya mawili badala ya kulifungua. Mvua zikaja, zikaisha. Siku moja Mama alikuwa anafagia sebule, akalichomoa, likiwa limejaa vumbi, akasema kwa upole, "Wifi, hili sanduku lako lililoko nyuma ya mlango, utalifungua lini?"

Shangazi alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa.

"Sanduku gani?" akasema.